Kontrola za taa za pikseli zinazofuata muziki: njia nne, na ipi inamfaa nani

Kila ikikaribia Desemba swali ni lile lile: "Fundi, ninunue kontrola gani?" Yaani kifaa kinachoziambia taa ziwake lini na kwa rangi gani. Anayeuliza mara nyingi keshanunua taa. Ameona video za nyumba za Marekani na Australia, ambako watu hupamba paa na bustani zao kwa maelfu ya pikseli (taa ndogo ambazo kila moja hupewa rangi yake) zinazocheza sambamba na wimbo, na sasa anataka ukuta wa kanisa, ukumbi wa sherehe au uzio wa nyumbani kwake ufanye hivyo hivyo. Akianza kutafuta anakuta kontrola ya dola chache na nyingine ya karibu dola 200 au zaidi, na zote zimeandikwa kwamba zinaendesha WS2811, chipu iliyo ndani ya pikseli hizo. Maandishi hayo si uongo. Zote zinaiendesha. Kinachozitenganisha hakiandikwi kwenye boksi.

Hapa nalinganisha njia nne: kontrola ya Kichina inayosoma memori kadi, ESP32 (bodi ndogo yenye Wi-Fi) yenye programu ya WLED, Raspberry Pi au BeagleBone (kompyuta ndogo za bodi moja) yenye FPP, programu ya kuchezea onyesho, na bodi kubwa za Ethaneti (mtandao wa kebo) kama Falcon F16. Light-O-Rama ya Marekani nimeiacha pembeni kwa sababu ni mfumo kamili, wenye programu yake ya leseni na mtandao wake wa waya, RS-485. Anayeuchagua anauchagua wote kwa pamoja, si kontrola peke yake.

Ili tusiongee hewani, tushike onyesho moja la mfano: mti wa kamba 16 zenye pikseli 50 kila moja (800), ukingo wa paa (300), madirisha manne (200) na matao sita ya njiani (300). Jumla ni pikseli 1,600 za WS2811 za volti 12, zile za vidonge vinavyopachikwa kwenye matundu. Kama wewe umenunua utepe badala ya vidonge, angalia vizuri kabla ya kuhesabu. Kwenye utepe wa WS2811 wa volti 12, chipu moja kwa kawaida huendesha LED tatu, kwa hiyo mita yenye LED 60 ina pikseli 20 tu. Hesabu chipu.

Tunapima nini

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni hiki: nani anashika saa? Onyesho la muziki lina vitu viwili vinavyotembea pamoja, sauti na fremu za mwanga, yaani picha moja moja za rangi za taa zote. Ama kimoja kinamfuata mwenzake, ama vyote vinafuata saa moja. Sauti ikitoka kwenye simu, na taa zikatoka kwenye kifaa kisichojua kama hiyo simu ipo, vitaachana tu. Pengine dakika ya kwanza, pengine wimbo wa tatu. Wauzaji pia huchanganya mambo mawili. Kuna taa zinazorukaruka kwa kusikia mlio kupitia maikrofoni, na kuna taa zilizopangwa fremu kwa fremu kwenye programu kama xLights, ambayo ni ya bure, ili ngoma ikipigwa sekunde ya 42 liwake tao la tatu na si jingine. Za kwanza zinatosha kabisa kwa disko. Hapa nazungumzia zaidi za pili.

Kigezo cha pili ni uwezo, na hapa hesabu ni ngumu kama chuma. WS2811 kwenye kasi yake ya kawaida ya 800 kHz hutumia mikrosekunde 1.25 kwa biti. Pikseli moja ni biti 24, yaani mikrosekunde 30. Ukitaka fremu 40 kwa sekunde una milisekunde 25 za kila fremu, ambazo zinatosha pikseli 800 hivi kwenye mlango mmoja, yaani tundu moja la kutolea data. Ukishuka hadi fremu 20 unafika 1,600 na kidogo. Hakuna bei inayobadilisha hesabu hiyo. Kinachonunuliwa ni idadi ya milango.

Baada ya hapo nitatazama usanidi wenyewe, kinachotokea umeme ukikatika na kurudi, na bei pamoja na upatikanaji wa vipuri. Kwa onyesho la usiku mmoja hivyo vitatu ni vidogo. Kwa onyesho la mwezi mzima ndivyo vinavyoamua kama utalala.

1. Kontrola ya memori kadi: T-1000S, K-1000C, T-8000

*Saa na muziki.* Kila boksi lina saa yake, na halitoi sauti. Unachora michoro kwenye LEDEdit, programu ya kontrola hizi, katika Windows, unatoa faili, unalinakili kwenye kadi ya SD, na boksi linalirudia hadi umeme uzimwe. Kubonyeza wimbo na boksi kwa pamoja inawezekana, ila kasi ya boksi inawekwa kwa vitufe, hatua kwa hatua, na lenyewe halijui wimbo umefika wapi. Aina kubwa zaweza kuunganishwa kwa waya zikafuatana zenyewe kwa zenyewe. Hilo linasaidia ukuta mrefu wa mapambo, lakini bado hazifuati wimbo.

*Uwezo.* T-1000S ina mlango mmoja na huandikwa pikseli 2,048. Zidisha kwa mikrosekunde 30 utapata milisekunde 61, yaani fremu 16 hivi kwa sekunde. Kwa mawimbi ya rangi yanayotembea polepole jicho halitalalamika. T-8000 ina milango 8, kwa hiyo onyesho letu la mfano linaingia bila shida.

*Usanidi.* Kazi kubwa ni kuielekeza LEDEdit jinsi waya wako unavyopita: unaanzia kona gani, unapanda, unageuka wapi. Ukikosea hapo mchoro unatoka vipande vipande. Kadi ifomatiwe FAT32, na chipu pamoja na mpangilio wa rangi vichaguliwe kabla ya kutoa faili, maana kubadili baadaye ni kutoa faili upya.

*Umeme ukikatika.* Hapa haina mpinzani. Umeme ukirudi, inaanza. Haisubiri ruta, haiulizi saa, haitafuti Wi-Fi.

*Bei na vipuri.* Rahisi, na ni ile ile wanayotumia mafundi wa mabango ya kung'aa, kwa hiyo ikifa unaweza kupata nyingine mjini bila kuagiza nje.

*Inamfaa* mwenye duka, baa, ukumbi au msikiti unaopambwa kwa Maulidi, anayetaka mwanga unaotembea kila usiku bila mtu wa kuuangalia.

2. ESP32 na WLED

*Saa na muziki.* WLED ni programu huria yenye mifumo mingi ya mwanga ndani yake, na simu yako inatosha kuiendesha. Kontrola kadhaa za WLED zinaweza kuigana kupitia Wi-Fi, na ukiongeza maikrofoni zinaitikia mlio. Lakini kwa onyesho lililopangwa, WLED ni mpokeaji. Inapokea data ya E1.31, Art-Net au DDP (namna tatu za kutuma data ya taa kwa mtandao) kutoka xLights iliyo kwenye kompyuta yako, au kutoka FPP. Saa iko huko. Aliyenunua ESP32 akidhani itacheza wimbo yenyewe amenunua nusu ya mfumo, na nusu aliyobakiza ndiyo yenye ubongo.

*Uwezo.* Ushauri wa WLED kwa ESP32 ni kama pikseli 512 kwa kila pini (mguu wa bodi unaotoa data), kwenye pini nne, ili fremu zisishuke. Kwa karatasi, onyesho letu linaingia kwenye bodi moja. Mimi ningeigawa kwa bodi tatu: moja chini ya mti, moja kwenye paa kwa ajili ya paa na madirisha, moja njiani kwenye matao. Uzuri mkubwa wa ESP32 ni kwamba ni ndogo na inakaa kando ya taa zake, basi waya za data zinakuwa fupi.

Wi-Fi ndiyo inayowatia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu, ila si ile wanayoidhani. Pikseli 1,600 ni chaneli 4,800, tatu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani, buluu. Kwa fremu 40 hiyo ni baiti 192,000 kwa sekunde, kama megabiti moja na nusu, kiasi ambacho ruta yoyote inabeba. Tatizo ni kwamba data hii husafiri bila uhakikisho: pakiti ikipotea hairudishwi, na ikichelewa taa zinasita. Kwa hiyo punguza idadi ya pakiti. E1.31 hubeba pikseli 170 kwa pakiti, hivyo onyesho letu linahitaji pakiti 10 kwa kila fremu. DDP hubeba hadi 480, na pakiti 4 au 5 zinatosha. Chagua DDP, ielekeze kwenye anwani ya kontrola moja kwa moja badala ya kuitangaza kwa mtandao mzima, na uzime usingizi wa Wi-Fi kwenye mipangilio ya WLED. Bodi zenye Ethaneti zipo, na pale unapoweza kuvuta kebo, vuta.

*Usanidi.* Unafungua install.wled.me kwa Chrome au Edge, unachomeka USB, dakika chache programu imeingia. Kisha unatafuta Wi-Fi iitwayo WLED-AP, nenosiri wled1234, unafungua 4.3.2.1 na kuiingiza kwenye mtandao wako. ESP32 ya kawaida husikia GHz 2.4 tu, ruta au simu inayorusha GHz 5 peke yake haitaonekana. Kwenye ukurasa wa LED weka aina ya chipu, idadi, pini na mpangilio wa rangi. Hapo hapo kuna kikomo cha umeme, ambacho huja kikiwa milliampea 850. Mgeni anawasha kamba ya pikseli 300, anaona mwanga hafifu, anailaumu pawa saplai, kumbe programu inamlinda. Kipandishe kulingana na pawa yako na fyuzi zako.

ESP32 hutoa data ya volti 3.3. Pikseli inayofanya kazi kwa mantiki ya volti 5 inataka kama 3.5 ili isome "moja" bila wasiwasi. Wakati mwingine inakubali, ndiyo maana mtandaoni wengi wanasema haina shida, mpaka siku waya unaporefuka na taa zinaanza kupepesa ovyo. Chipu ya 74AHCT125 katikati, inayopandisha data hadi volti 5, inamaliza ubishi. Bodi zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hii, kama QuinLED Dig-Quad, huja nayo pamoja na fyuzi.

Jambo jingine: data ikikatika kwa sekunde 2.5, WLED hurudi kwenye rangi yake yenyewe, na rangi ya kuanzia ni chungwa. Katikati ya wimbo wa Krismasi wa taratibu, tao moja linageuka chungwa kali na kubaki hivyo. Tengeneza mpangilio wa giza, uuweke uwe ndio wa kuanzia.

*Umeme ukikatika.* Inaamka kwa sekunde chache, lakini ruta inachelewa kuliko yenyewe. Itasubiri na kujaribu tena. Ipe anwani ya IP isiyobadilika.

*Bei na vipuri.* ESP32 tupu ndiyo rahisi kuliko zote, na maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi na Dar es Salaam huwa nazo. Nunua ya ziada, uiweke programu kabisa, uifunge kwenye boksi.

*Inamfaa* anayeanza na pikseli mia chache, anayependa kujaribu, au mwenye vipande vya onyesho vilivyotawanyika mbali mbali.

3. Raspberry Pi au BeagleBone yenye FPP

*Saa na muziki.* Hapa ndipo saa inapoishi. FPP, yaani Falcon Player, ni programu huria inayocheza faili la wimbo na faili la mwanga la xLights kwa pamoja, kutoka kifaa kimoja, kwa ratiba uliyoipanga, bila kompyuta kuwepo. Ukiwa na vifaa viwili vya FPP, mmoja anakuwa mchezaji mkuu na mwingine mfuasi. Mfuasi ana nakala yake ya faili la mwanga, na mkuu anamtumia alama za wakati tu: "tuko hapa, fremu hii." Kwenye mtandao dhaifu tofauti ni kubwa, kwa sababu kinachosafiri hewani si rangi za pikseli 1,600 bali dokezo dogo la saa, na likipotea moja mfuasi anaendelea kwa kasi aliyokuwa nayo.

Sauti itoe kwa kadi ya sauti ya USB. Tundu la sauti la Raspberry Pi za zamani halina ubora wa kujivunia, na Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Marekani wenye maonyesho hurusha wimbo kwa redio ndogo ya FM ili watu wasikilize wakiwa ndani ya magari. Usiige hilo kabla ya kuuliza. Tanzania masafa yako chini ya TCRA na Kenya chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Spika mbili getini zinatosha, na kwetu watu hutembea kwa miguu kuja kuangalia.

*Uwezo.* Raspberry Pi yenye kibao chepesi cha juu huendesha kamba mbili. Kuna vibao vikubwa zaidi vya Pi, na kwa BeagleBone kuna bodi za Kulp zenye milango 8 au 16 pamoja na fyuzi. BeagleBone ilipendwa mapema kwenye kazi hii kwa sababu ndani ina vichakataji viwili vidogo vinavyoshughulikia mapigo ya wakati pekee. Onyesho letu kwenye milango 16 linakaa kwa raha: mti milango minne ya pikseli 200, paa miwili, madirisha miwili, matao mitatu, na mitano inabaki kwa mawazo ya mwaka kesho.

*Usanidi.* Unaandika picha ya FPP kwenye microSD, unawasha, unafungua ukurasa wake kwa kivinjari. Kwa kila mlango unaweka idadi, rangi na mwangaza. xLights inaweza kutuma nyimbo na mipangilio moja kwa moja. Kujifunza kunachukua muda, nisikudanganye: wiki ya kwanza utachanganya chaneli, wimbo utapiga na tao la sita litacheza zamu ya dirisha. Ukurasa wa majaribio ndani ya FPP ndio rafiki yako. Washa mlango mmoja mmoja kwa rangi nyekundu, kijani, buluu, uandike kwenye karatasi kinachowaka.

*Umeme ukikatika.* Hiki ndicho kipengele chake dhaifu zaidi. Inachukua kama dakika kuamka, na kadi inaweza kuharibika ikizimwa ghafla wakati inaandika. Kujua ni saa ngapi nako ni tatizo: Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya betri, na Pi 5 inayo ila betri unainunua mwenyewe. Bila intaneti, umeme ukirudi Pi haijui ni saa ngapi, na ratiba ya saa 1 jioni inaweza kuanza alfajiri. Moduli ya DS3231 ya bei ndogo, ambayo ni saa yenye betri, inatibu hilo. Bodi nyingi za taa zinazokaa juu ya BeagleBone huja nayo au na inayofanana nayo. Weka UPS ndogo (betri ya dharura) kwa Pi na ruta tu. Taa zenyewe ziache zizime. Na uwe na kadi ya pili iliyonakiliwa.

*Bei na vipuri.* Katikati. Raspberry Pi inapatikana mijini, bodi za juu zinaagizwa.

*Inamfaa* anayetaka onyesho la kweli la muziki lisilotegemea kompyuta kukaa wazi usiku kucha.

4. Bodi kubwa za Ethaneti: Falcon F16 na wenzake

*Saa na muziki.* F16 kimsingi inapokea kwa kebo. Data inatoka FPP au xLights, yenyewe inaigawa kwenye milango kwa usahihi. Kwa hiyo usiinunue badala ya FPP. Inunue pamoja nayo.

*Uwezo.* Milango 16, hadi pikseli 1,024 kwa mlango, na inaongezeka kwa bodi za nyongeza. Kwa sehemu za mbali inatumia vipokezi: kebo ya mtandao ya kawaida hubeba data ya milango minne hadi mita makumi kadhaa, na kipokezi kinaitoa kando ya taa. Kwa pikseli zetu 1,600 ni nguvu ya ziada. Ikifika 6,000 au zaidi, au uwanja ukiwa mpana, inaanza kuwa na maana.

*Usanidi.* Kioo chake kidogo kinaonyesha anwani ya IP, na kuna kitufe cha kujaribu taa bila kompyuta. Ukiwa juu ya ngazi usiku, kitufe hicho kina thamani kuliko maelezo yote ya kwenye katalogi. Kila mlango una fyuzi yake. PixLite za Advatek kutoka Australia ni za daraja hilo hilo, na hutumika pia kwenye kazi za kudumu za majengo.

*Umeme ukikatika.* Haina mfumo mzima wa kompyuta wa kuamsha, hivyo inarudi haraka. Inasubiri mchezaji tu.

*Bei na vipuri.* Ghali, na juu yake kuna usafiri na ushuru. Ikiungua tarehe 15 Desemba, ya pili itafika sikukuu zimepita. Agiza katikati ya mwaka.

*Inamfaa* kanisa kubwa, hoteli, duka kubwa, au fundi anayefanya kazi hii kwa malipo na anayehitaji kuisimamia miaka mingi.

Kazi iliyo sawa kwa njia zote nne

Umeme ndio unaoharibu maonyesho mengi kuliko kontrola. Kwa tahadhari hesabu ampea 0.06 kwa pikseli inayowaka nyeupe kabisa, kisha pima kamba yako mwenyewe. Pikseli 1,600 ni ampea 96 kwa volti 12, wati 1,152. Hakuna anayewasha hivyo. Kwa mwangaza wa asilimia 30, ambao usiku unatosha na kubaki, inakuwa ampea 29 hivi. Mean Well LRS-350-12 hutoa ampea 29, kwa hiyo weka mbili ili zisifanye kazi ukingoni. Kabla ya kuzichomeka, tazama ubavuni, ndani ya tundu: kuna swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na wewe ukaipa umeme wa TANESCO au Kenya Power, utasikia mlio mmoja na hutaihitaji tena.

Kwa fyuzi ya ampea 5 mlango unabeba pikseli 83 tu nyeupe kabisa, au kama 270 kwa asilimia 30. Ndiyo maana mwangaza unapunguzwa ndani ya kontrola, si kwa matumaini kwamba wimbo hauna nyeupe nyingi.

Upungufu wa volti unauona kwa macho. Washa nyeupe kwenye kamba yote, tembea kutoka kontrola kwenda mwisho. Nyeupe ya mwanzo ni safi. Mbele kidogo inapata uwaridi, mwishoni inakuwa kama ya taa ya kibatari, kwa kuwa buluu na kijani huishiwa nguvu kabla ya nyekundu. Pale rangi inapoanza kugeuka ndipo pa kuongezea waya mwingine wa umeme. Ukiongeza kutoka pawa saplai nyingine, unganisha hasi zote pamoja, lakini chanya za pawa mbili usizigusanishe.

Mshale kwenye pikseli uelekee mbali na kontrola. Waya wa data hadi pikseli ya kwanza uwe mita chache tu. Zaidi ya hapo tumia kikuza data au vipokezi. Na hizo kebo za vipokezi, ingawa zina vichwa vile vile vya mtandao, kamwe usizichomeke kwenye swichi ya mtandao. Mtandao wa taa uwe peke yake, na anwani zisizobadilika, mbali na Wi-Fi ambayo wageni wanapakulia video. Upande wa volti 230, mwachie fundi umeme mwenye leseni, na pawe na kikatio cha kuvuja umeme, hasa mvua za vuli zikiwa hazijaisha.

Kulingana na hali yako

Kama unataka mapambo yanayotembea bila wimbo, na umeme wa mtaa wako unakatika mara tatu kwa wiki, kontrola ya memori kadi itakutosha. Usikubali kuuziwa zaidi.

Kama una pikseli 100 hadi 500, bajeti ndogo na hamu ya kujifunza, anza na ESP32 moja na xLights kwenye kompyuta uliyo nayo. Desemba hii kompyuta itakaa dirishani ikiwa na waya wa spika. Mwakani ongeza Raspberry Pi yenye FPP mahali pa kompyuta. ESP32 hazibadiliki, zinaendelea kupokea DDP kama kawaida.

Kwa onyesho kama letu la mfano, pikseli 1,600 eneo moja, ningechagua FPP kwenye bodi ya milango 16. Lakini mti ukiwa getini na nyumba iko mita 60 nyuma, mchanganyiko wa Pi moja na ESP32 tatu unaweza kuwa rahisi kuvuta kuliko kebo chini ya lami.

Kwa kanisa au hoteli, kabla ya kuangalia bodi, uliza nani ataihudumia fundi akisafiri. Kama yupo kijana wa kwaya anayejua kufungua kivinjari na kubadili fyuzi, FPP na F16 zitadumu. Kama hayupo, punguza ukubwa wa onyesho.

Fundi anayekodisha taa kwa harusi ana hesabu yake: leo Mbagala, kesho Bagamoyo, mtandao wa ukumbi haujulikani. Abebe ruta yake, Pi yake na ESP32 zilizokwisha kuwekwa anwani, zote ndani ya sanduku moja lililounganishwa tayari.

Na aliye na T-1000S tayari asiitupe. Aiache iendeshe uzio wa nyuma kwa wimbi la polepole la rangi mbili, pawa yake iwe mbali na ile ya onyesho, na pikseli za mbele azihamishie kwenye kifaa kinachojua wimbo umefika wapi.